Mchanga wa Ukuta wa Mashariki

Mashamba ya chumvi, Samut Sakhon
Desemba 8, 1996

Dada Sophoan,

Salamu nyingi. Mimi mzima isipokuwa nyayo. Maji ya chumvi yamezitafuna, na nikizipaka mafuta ya nguruwe nzi wananifuata kama mimi ndiye nguruwe mwenyewe. Lakini sikuandikii habari za nyayo. Kaa chini kwanza. Kama una kisu mkononi, kiweke.

Nimempata Luteni Ouk Pheng.

Yu hai. Analala banda letu hili hili. Anajiita Mzee Nhep, na anakokota chumvi kwa ubao kama sisi wote, Wakhmer tuliovuka mpaka kutafuta riziki kwa Wathai. Nimefanya naye kazi tangu mvua zilipokatika. Nimempa tumbaku yangu. Nimemwita babu. Usiniulize ilikuwaje nisimjue. Vita vile vilinikuta mtoto, na wewe ndiye uliyemwona kwa macho.

Ilikuwa mchana, tumepumzika chini ya kinu cha upepo. Vijana wa mkoa wa Prey Veng walikuwa wakibishana kuhusu vita vya zamani, vya Jamhuri na watu wa msituni, wao ambao hata hawakuwa wamezaliwa. Mmoja akasema, "Wanajeshi wa Jamhuri? Walikuwa wanaanza kukimbia kabla ya kupigwa."

Mzee akaweka kijiko chini. "Nyamaza wewe. Ulikuwa wapi? Mimi nilikaa kiangazi kizima ndani ya kambi, nimezingirwa pande zote. Chakula kinashuka kwa parachuti, nusu kinaangukia kwa adui. Nao wanatushukuru kwa kipaza sauti: Asanteni kwa mchele, ndugu zetu, kesho ongezeni na samaki!"

Watu wakacheka. Mmoja akauliza, "Kambi gani hiyo, babu?"

"Tuol Chambak."

Dada, nilisukuma sahani kando. Akachukua kijiti akaichora kambi yetu juu ya chumvi. Mto magharibi, barabara kaskazini, hekalu katikati. Alichora hata birika la maji alilokuwa akituogeshea bibi. Kisha akapiga mstari upande wa mashariki. "Hapa ndipo walipoingia."

"Kwa nini hapo?" nikamuuliza.

"Ukuta haukuwepo."

"Ulikwenda wapi?"

Akanitazama. "Niliubomoa mimi," akasema, kisha akaufuta mchoro wote kwa mguu na kurudi kazini.

Ana chale ya chui chini ya sikio, imefifia. Uliniambia habari za chui huyo tangu nikiwa nakaa mgongoni kwako. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Thoeun


Tuol Chambak
Januari 2, 1997

Thoeun,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama. Sikuweza kukaa.

Sasa nisikilize, kwa sababu wewe ulikuwa hekaluni na bibi, na kile unachokijua ni kile nilichokumegea. Udongo wa kwetu ni mfinyanzi, unajua. Haujazi gunia, ukikauka unakuwa mawe na ukilowa unakuwa uji. Mchanga uliokuwepo kambini ulikuwa mmoja tu, ule wa hekalu, ambao watu wetu wameubeba kutoka mtoni kila Mwaka Mpya wetu wa Aprili tangu enzi za mabibi wa bibi, wakijenga vilima vidogo ili kila punje iondoke na dhambi moja. Ouk Pheng aliamuru vilima vivunjwe, mchanga utiwe kwenye magunia, ukuta wa mashariki ujengwe. Wazee walilia. Sawa. Ni vita. Ukuta ulisimama, na risasi za kiangazi kizima ziliishia humo.

Kisha ukafika Mwaka Mpya, naye akaamuru magunia yamwagwe, mchanga urudishwe hekaluni. "Siku za sikukuu tu," alisema. "Wale nao ni Wakhmer. Watakuwa wanajenga vilima vyao." Hayo niliyasikia kwa masikio yangu.

Walikuja siku ya pili. Baba alikuwa kwenye mzinga wake mashariki, na mbele yake hapakuwa na kitu ila hewa. Mama alikuwa naye handakini, kama wake wote wa askari, anapika, na Vanna, mdogo wetu wa mwisho, mgongoni. Mama nilimkuta na mwiko mkononi. Vanna sikumkuta.

Baba alikuwa bado anapumua. Helikopta ilikuja kuchukua majeruhi. Nilimburuta kwa kitambaa cha krama nilichompitisha makwapani, nikafika mlangoni, nikashika chuma. Ouk Pheng alikuwa ndani na mke wake na matenga ya majogoo wake wa kupigana. Alinitazama. Mahali ambapo ningemlaza baba palikuwa na tenga. Helikopta ikanyanyuka na mkono wangu ukateleza.

Hakikisha ni yeye. Mwulize jina la yule jogoo mwekundu. Kila mtu wa kambini alilijua, kwa sababu askari walilazimishwa kumpigia saluti.

Ukishahakikisha, huko kuna malango ya maji na kuna majembe. Sina haja ya kukufundisha.

Dada yako,
Sophoan


Samut Sakhon
Januari 27, 1997

Dada,

Nimemwuliza. Tulikuwa tunasukuma chumvi, nikasema, "Babu, kule kambini kwenu nasikia kulikuwa na jogoo mwekundu mwenye cheo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Meja! Mimi luteni, yeye meja. Nani kakwambia?"

"Nilisikia kwa watu."

"Basi hukusikia mwisho wake. Tulipotua Kampong Cham rubani alimchinja akamla. Mwezi haukuisha, akanichukulia na mke." Alicheka tena, lakini safari hii peke yake.

Ni yeye. Nilikwenda naye kwenye lango la maji asubuhi ya pili yake. Aliinama kulegeza ubao wa lango, na mimi nilikuwa nyuma na jembe langu, na kina pale kinamzidi mtu kimo. Sikuwa na huruma, nataka ujue hivyo. Mikono yangu ilikuwa tayari. Akasema bila kugeuka, "Thoeun, shika hapa, mgongo umenikaza." Nikashika. Nitukane utakavyo, dada. Mtu akikuambia shika, mkono unashika. Ni kazi imetuzoesha.

Kuna jambo jingine. Ameniomba nimwandikie barua. Anaona vizuri vya mbali, vya karibu havioni tena, mng'ao wa chumvi umemharibu. Anakohoa damu na anajua maana yake. Anataka aombe msamaha kabla ya kufa, kama desturi yetu inavyotaka, na aombe kwa watu wenyewe, si kwa hewa. Aliyoyatamka ni haya, na nimeyaandika kama alivyosema:

"Kwa Mtawa Mkuu wa hekalu la Tuol Chambak, yeyote uliye. Mimi niliiongoza kambi hiyo. Niliuvunja ukuta wa mashariki kwa sababu askari hawakutaka kulala nyuma ya mchanga wa hekalu. Waliogopa mchanga kuliko risasi. Mpiga mzinga wangu, Hak Ung, alikuwa analala nje ya magunia, mbele ya adui, nami nilimwona kila alfajiri amejikunja huko na umande juu yake. Niliona heri niwape siku chache za amani ya moyo. Nilidhani adui anaogopa ninachokiogopa mimi. Hilo ni kosa la ofisa, nalikubali. Helikopta si kosa la ofisa. Ile ni dhambi ya Ouk Pheng. Nauliza kama naweza kuja kuinamisha kichwa mbele ya waliobaki."

Alipotaja jina la baba kalamu yangu ilitoboa karatasi. Hajui mimi ni nani. Sikuipeleka hekaluni. Nimekutumia wewe.

Thoeun


Tuol Chambak
Februari 18, 1997

Thoeun,

Kwa hiyo baba yetu ndiye aliyebomoa ukuta! Amemuua, sasa anamtwika na lawama. Hata kuomba msamaha anaomba kama mtu anayedai.

Umefanya vyema kuniletea mimi. Ndani utakuta karatasi ya pili. Msomee kama ilivyo, usipunguze neno wala usiongeze. Mwambie aje peke yake. Anayeomba msamaha haletwi kama ng'ombe mnadani. Wewe baki huko, msimu wa chumvi haujaisha na msimamizi wako hatakungoja.

Sophoan

(Karatasi ya pili)

Muumini Ouk Pheng,

Barua yako imefika na imesomwa mbele ya waliobaki. Mioyo imechoka kubeba uliyoyatenda. Njoo. Mwaka Mpya unakaribia na watu watakuwa wanabeba mchanga. Utamwagiwa maji ya baraka pamoja na wazee wa kijiji, na utasema yako.

Shuka kwenye daraja lililoungua. Usishike barabara ya kaskazini, malori ya magogo yameichimba na kifua chako hakitaimudu. Shika njia ya mashariki, ile inayopita katikati ya mivumo na vichuguu, hadi itokee palipokuwa ukuta wako. Inafaa mtu anayetubu aingie kupitia mlango alioufungua mwenyewe.

Amani iwe nawe njiani.

Mtawa Mkuu,
Hekalu la Tuol Chambak


Samut Sakhon
Machi 24, 1997

Dada,

Nimemsomea. Alisikiliza ameshika magoti, kisha akaniambia nisome tena pale pa maji. Nikasoma. Akasema, "Watanimwagia maji mimi?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Alitoka nje akasimama kwenye tuta akitazama chumvi mpaka msimamizi akampigia kelele, "We mzee, unafikiri chumvi itajikokota yenyewe?" Akamjibu, "Leo ningeikokota hata na yako."

Najua nia yako. Sikusoma sana lakini si mjinga. Unamwita ili, akishapiga magoti akingoja maji, uinuke wewe mbele ya kijiji kizima useme baba alivyokufa, na hakuna atakayemwagia hata tone. Arudi mkavu. Nimelifikiria hilo nikiwa kazini na, kusema kweli, limenipunguzia maumivu ya nyayo. Kisu kingemmaliza mara moja. Aibu atakufa nayo kidogo kidogo.

Ndiyo maana sitakutii kwa moja. Nakuja naye. Peke yake hafiki, akipanda ngazi ya lori anakaa kupumua. Na mimi nataka niwepo nimwone uso. Nimemuaga msimamizi, akaapa nikirudi sitakuta nafasi. Potelea mbali. Tutafika Mwaka Mpya.

Barua hii anaibeba Bi Kimsan, yule mjane anayepika bandani. Anapitia kwa wakwe zake Sisophon, naye mdomo wake hauna breki, kwa hiyo akichelewa usishangae. Nipikie supu ya samaki ya nyumbani. Huku wanatia sukari kwenye kila kitu.

Thoeun


Tuol Chambak
Aprili 8, 1997

Thoeun mdogo wangu,

Sijapata jibu lako, lakini kwa hesabu ya kawaida yeye sasa yuko njiani na wewe uko kwenye chumvi yako. Sasa naweza kukuambia.

Ulipoondoka, ng'ombe walikuwa bado wanalishwa mashariki. Siku hizi hakuna anayepita. Kiangazi kile baada ya wewe kuvuka mpaka, jeshi la serikali na watu wa msituni walinyang'anyana kilima cha huko mashariki mara nyingi, na kila aliyekishika alitega mabomu yake ardhini, na kila aliyefukuzwa aliondoka bila kumwonyesha mtu yalipo. Sikukuandikia kwa sababu ungesema nihame. Ng'ombe wa jirani yetu Lach Yorn walikatikia huko. Kisha mke wake, aliyewafuata. Serikali iliweka vibao vyekundu vyenye fuvu, watu wakaving'oa kuezekea mabanda ya kuku.

Njia yenyewe inaonekana nzuri, ndicho kitu cha kutisha. Nyasi zimelala kama nywele zilizochanwa. Mtu asiyejua atashukuru kwa kivuli cha mivumo.

Sikumgusa. Sikumwekea sumu wala sikukodi mtu. Nimemwonyesha njia, basi, ile ile aliyowaonyesha wengine mwaka ule alipomwaga magunia. Nimeanza kulala usingizi. Jana nilipika wali nikala nikajikuta naimba, na jirani akachungulia kuuliza nani kanichumbia katika uzee huu. Nikamwambia, "Luteni mmoja."

Usinihubirie. Mimi ndiye niliyeshika chuma cha helikopta ile. Wewe ulikuwa hekaluni.

Dada yako,
Sophoan


Kwenye banda la chai, daraja lililoungua
Aprili 14, 1997

Sophoan,

Naandika juu ya meza ya mama chai.

Tulishuka jana asubuhi. Mzee alikuwa na furaha, alinunua shati jeupe Battambang. Tulishika njia yako ya mashariki. Mimi mbele, nimebeba furushi lake na langu. Yeye nyuma, anahema, ananisimulia mzinga ulikuwa wapi na waya wa miba ulipitia wapi, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake. Nilikuwa nawaza supu.

Tulipopita kichuguu cha kwanza akanyamaza. Kisha akanishika shati kwa nyuma, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Simama. Usiweke mguu huo chini."

"Nini, babu?"

"Uweke pale pale ulipoutoa. Hivyo. Sasa tazama ile mivumo. Unaona nini?"

"Mivumo."

"Mwezi wa nne, wakati wa kugema. Kila mvumo nchi hii una ngazi ya mianzi. Ile haina hata moja. Matunda yameoza juu hukohuko. Na tangu tuingie hujakanyaga hata mavi ya ng'ombe." Alikuwa ananong'ona kama ardhi inasikia. "Huku watu hawaji, Thoeun. Na watu wakiacha kugema sukari, kuna sababu moja tu."

Tulirudi kinyumenyume, tukikanyaga nyayo zetu wenyewe, yeye akiniongoza kwa mkono kiunoni. Tulipofika barabarani niliketi chini. Mama chai alipotuona tulikotokea aliangusha birika. Ndiye aliyetuambia yote, hadi mke wa Lach Yorn.

Mzee akanigeukia. Akasema, "Aliyeandika barua ile si mtawa."

Nikamwambia. Nikamwambia mimi ni nani na wewe ni nani. Nilitaka ajue, sikutaka tena kuwa babu na mjukuu.

"Mwana wa Hak Ung," akasema. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Basi dada yako anajua kutunga barua."

"Kuna barabara ya kaskazini," nikasema. "Au rudi Thailand. Mimi sitasema kitu."

"Kaskazini ni njia ya watu wengine. Mimi nimechaguliwa ya kwangu. Nikiizunguka nitakuwa nimepanda helikopta tena." Alivaa shati jeupe. Akaniachia furushi. Akaomba nimsamehe, kwa mikono miwili, pale mbele ya mama chai na wapakiaji wa mkaa. Sikumsamehe. Kwa hilo unaweza kujivunia mdogo wako. Akageuka akaingia.

Niliketi hapa nikimtazama. Alikwenda polepole, shati likawa dogo, likapita vichuguu vyote, likapotea. Nilingoja mlio hadi jua likaegemea. Haukuja. Kwa hiyo nadhani amefika kwenu na unaye hapo.

Mimi siji. Narudi nilikotoka. Sikulaumu kwa ajili yake. Hujui kwamba nilikuwepo, nimefahamu hilo, Bi Kimsan bado anapiga domo Sisophon na barua yangu iko kifuani mwake. Lakini mimi nilikuwa mbele, Sophoan. Mguu wangu ulikuwa hewani.

Barua hii namwachia mama chai. Sikukuu ikiisha atampa mtu wa kuja huko.

Thoeun


Tuol Chambak
Mei 2, 1997

Thoeun,

Barua zako mbili zilinifikia siku moja, ya Bi Kimsan asubuhi, ya mama chai mchana. Kufikia hapo ilikuwa imeshapita wiki tangu sikukuu iishe. Nakuandikia yaliyotokea kwa mfuatano wake, ili usije ukayasikia kwa mwingine.

Alitokea siku ya kwanza ya Mwaka Mpya. Tulikuwa kwenye mstari kutoka mtoni, mizegamzega mabegani, vikapu vya mchanga vikining'inia huku na huku. Mtu mmoja akapiga yowe. Nikageuka, nikamwona mzee mwenye shati jeupe anatoka katikati ya mivumo, mahali ambapo hata mbwa hawendi. Watu waliweka vikapu chini. Hakuna aliyepumua mpaka alipokanyaga barabara ya hekalu.

Mimi nilimjua kwa mwendo. Wengine walimjua aliposema jina lake. Na unajua walifanya nini? Bibi Thavy, aliyepoteza wanawe wote kwenye ukuta ule, alimtazama, akatazama alikotoka, akasema, "Waliolala kule wamempisha. Sisi ni nani?" Akaenda akamletea maji ya maua. Akammwagia mabegani. Wakafuata wengine. Alilia kama mtoto, shati limemgandia. Nilisimama na mzegamzega wangu begani, na nilihisi hata wafu wetu wamenisaliti.

Nilimwuliza, "Umekuja na nani?" Kwa sababu nilikuwa na wasiwasi nisiojua unatoka wapi.

Akasema, "Peke yangu. Kijana aliyeniandikia nimemwacha salama."

Basi. Hakusema zaidi.

Siku ya tatu nilimkuta kwenye ngazi za hekalu, peke yake. Nikamwambia mimi ni binti wa Hak Ung, yule wa kwenye helikopta. Akasema, "Najua. Bado una macho yale." Akapiga magoti, akaunganisha mikono, akaomba. Alisema maneno yote kwa utaratibu wake, na ilibaki mimi tu kutamka langu.

Nikamwambia: "Hao wamekumwagia maji kwa sababu umepita salama. Mimi sikushuhudia kupita kwako, nimeshuhudia kutokea tu. Kama ni kweli wamekupisha, watakupisha tena. Rudi ulikotoka."

Nilikuwa nimejiandaa abishe, alie, aite watu. Kama angebisha ningemrukia. Akainama mara tatu kama mtu anayeaga hekaluni, akavaa ndala zake, akashuka.

Nilimfuata hadi ukingoni. Alipopita mivumo ya kwanza nilimwita. Usifikiri ni huruma. Sijui ni nini. Nilimwita kwa cheo chake, nikamwita kwa jina, nikamwita babu. Hakugeuka. Hekaluni watoto walikuwa wanalipua fataki, na mlio ulipokuja watu walidhani ni fataki nyingine.

Nilirudi nikabeba mchanga hadi jioni. Nilisema nimemaliza. Nilikaa siku zile nimetulia, nakula, nalala. Kisha zikaja barua zako.

Thoeun, alikaa miguuni pangu akiomba, na alikuwa na neno moja ambalo lingenishinda. "Nimemshika mdogo wako shati." Angelisema hilo, ningemletea maji mwenyewe. Ningempa mkeka wa baba. Alilijua. Ofisa hajui thamani ya silaha aliyo nayo? Akalificha, akashuka ngazi.

Watu hapa wanataka kumfanyia sadaka, ingawa hakuna cha kuzika na hakuna wa kuingia kukitafuta. Mtawa aliuliza nani atawalisha watawa kwa jina lake, maana hana ndugu. Wote walinitazama, maana walinisikia nikimwita babu. Nilitazama chini. Namchukia kuliko nilivyomchukia nilipokuwa msichana, kwa sababu sasa nina deni lake na amekwenda mahali nisipoweza kumfuata.

Sikuombi unisamehe. Nimeona jinsi ombi hilo linavyojibiwa katika familia yetu.

Ukija, pita kaskazini.

Sophoan